Bangi kati ya Jela na Duka

Wakenya walipopiga kura tarehe 9 Agosti 2022, karatasi ya urais ilikuwa na majina manne tu. Mmoja wa wenye majina hayo, mwanasheria George Wajackoyah wa chama cha Roots, alikuwa amezunguka nchi kwa suti ya michezo na kitambaa kichwani, akicheza rege juu ya gari na kuahidi kwamba bangi ingelipa deni la taifa. Deni lenyewe wakati huo lilikuwa limevuka shilingi trilioni 8. Kwa wale ambao bangi haikuwatosha, aliongeza ufugaji wa nyoka na biashara ya korodani za fisi. Alimaliza wa tatu kwa kura 61,969, hata nusu ya asilimia moja hakuifikia.

Watu walicheka sana, na kicheko hicho kikaufunika mjadala ambao mwingine alikuwa ameuanza kwa utulivu miaka minne nyuma. Mwaka 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alimwandikia Spika wa Bunge barua akiomba msaada wa kuandaa muswada wa kuhalalisha na kudhibiti bangi: wakulima na wasindikaji wasajiliwe, kodi itozwe, na waliowahi kufungwa kwa kukutwa nayo wafutiwe rekodi zao. Okoth alifariki kwa saratani Julai 2019 na muswada wake haukujadiliwa bungeni.

Tangu hapo mabishano ya Afrika Mashariki yamekuwa ya kambi mbili zisizosikilizana. Kwa kambi moja, bangi ni shetani anayewatia vijana wazimu. Kwa nyingine, ni tiba ya kila ugonjwa na mgodi wa dhahabu ulioachwa bila kuchimbwa. Zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinachanganya mambo matatu ambayo nchi nyingine zimeshayatenganisha. Kumfunga au kutomfunga anayevuta ni jambo moja. Kulima kwa ajili ya viwanda vya dawa ni jambo la pili. Kufungua duka ambalo mtu mzima anaingia na kununua msokoto kama anavyonunua bia ni la tatu, na ndilo gumu kuliko yote. Nchi inaweza kulikubali la kwanza na kulikataa la tatu bila kujipinga.

Wanaotaka kuhalalisha hupenda kusema kwamba marufuku hii ni mzigo tuliotwishwa na wakoloni. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Bangi imekuwa Afrika kwa karne nyingi kabla ya mkoloni. Mwaka 1881 Mjerumani Hermann von Wissmann, yuleyule aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alipita Kasai, Kongo, akawakuta Waluluwa wameufanya uvutaji wa bangi kuwa ibada kamili. Chini ya chifu Kalamba Mukenge walikuwa wameteketeza vitu vya mizimu ya zamani, wameacha pombe ya mnazi mwitu na kujiita watu wa bangi. Aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Inafaa kukumbuka hivyo kila mtu anapodai kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na msimamo mmoja juu ya jani hili.

Lakini ilipofika mwaka 1925, kwenye mkutano wa kasumba mjini Geneva, sauti iliyodai kwa nguvu kuliko zote kwamba bangi iingizwe katika udhibiti wa kimataifa ilikuwa ya mjumbe wa Misri. Nchi ya Kiafrika, yenye sababu zake za ndani, ilisukuma, na mataifa makubwa yakakubali. Mkataba wa Pekee wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukaja kuiweka bangi kwenye jedwali kali kuliko yote, pamoja na heroini. Ilikaa humo mpaka tarehe 2 Desemba 2020, pale Tume ya Dawa za Kulevya mjini Vienna ilipoitoa kwa kura 27 dhidi ya 25, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Morocco na Afrika Kusini zilikubali. Hata baada ya kura hiyo mkataba haujaruhusu bangi ya starehe. Kilichofanyika ni kukiri kwamba mmea huu una matumizi ya tiba.

Tuanze na jela, kwa kuwa ndiko maskini wanakoishia.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa mtu aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliishusha adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000, huku yakiwabana zaidi walanguzi. Tanzania imekwenda njia nyingine. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho ya mwaka 2017, ni kali kiasi kwamba kulima bangi kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Kila mwaka maofisa wa mamlaka ya dawa za kulevya hupanda milima ya Arumeru, huingia Tarime na Morogoro, hung'oa na kuchoma. Kisimiri Juu, kwenye miteremko ya Meru, imechomewa mashamba mara kwa mara na jina lake haliishi kwenye taarifa za habari.

Je, ukali huo unafanya kazi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani mtu 1 kati ya 53, na kiwango hicho kilikuwa kimekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitano. Nusu milioni ya watu haifungiki. Magereza yote ya Kenya yakiachwa wazi kwa ajili yao peke yao hayatawatosha. Kinachobaki ni sheria inayotekelezwa kwa bahati: anakamatwa kijana wa mtaani anayevutia uchochoroni, hakamatwi mwenye geti kwenye mitaa ya matajiri kama Karen au Masaki. Na kijana huyo, kabla hajafika kwa hakimu, anajua kwamba kuna kituo cha kwanza cha mazungumzo ambacho hakiandikwi kwenye jalada. Sheria ya namna hii inamfundisha askari kuvizia mifuko, na inamfundisha raia bei ya askari.

Afrika Kusini ilijitoa kwenye mtego huu kupitia mahakama. Gareth Prince, Mrasta aliyesomea uanasheria, alinyimwa nafasi ya kuingia kwenye taaluma kwa sababu alikuwa na hukumu za bangi na hakuficha kwamba ataendelea kuvuta. Alishindwa mwaka 2002 katika Mahakama ya Katiba kwa kura 5 dhidi ya 4. Hakuchoka. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ileile, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilitamka kwamba mtu mzima kuvuta na kulima bangi yake faraghani ni haki inayolindwa na katiba. Safari ya kwanza Prince alisimama juu ya uhuru wa dini akaanguka. Safari ya pili kilichobeba kesi kilikuwa haki ya faragha. Sheria ya kutekeleza hukumu hiyo ilitiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa Mei 2024, na bado inakataza kuuza.

Nchini Kenya Marasta wamefuata njia kama hiyo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba Urasta ni dini, katika kesi ya msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake, na mwaka 2021 chama chao kikapeleka ombi la kuruhusiwa kutumia bangi kwenye ibada majumbani na kwenye maskani yao. Kama kisa cha Prince kina fundisho kwa mawakili wao, ni kwamba mlango wa faragha huenda ukafunguka kabla ya mlango wa dini.

Kuna njia nyingine isiyopitia kwa majaji. Ureno, mwaka 2001, iliondoa kifungo kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa yoyote ya kulevya, ikampeleka mbele ya jopo la ushauri badala ya hakimu. Kuuza kulibaki kosa la jinai. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, na huduma hiyo ikaenea Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Serikali iliamua kwamba mteja wa unga ni mgonjwa, apewe dozi yake kila siku na aangaliwe. Ni vigumu kueleza kwa nini mtumiaji wa dawa hatari zaidi anapokelewa na nesi, na mvutaji wa bangi anapokelewa na pingu.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja ambayo watetezi wengi wa bangi huikwepa. Bangi si mchicha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanyika katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba anayevuta kila siku ana uwezekano mara tatu wa kupatwa na maradhi ya akili yanayoitwa saikosisi kuliko asiyevuta kabisa, na kwamba kwa anayevuta kila siku ile yenye nguvu nyingi, hatari hiyo inakaribia mara tano. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba bangi ndiyo chanzo, maana wapo wanaoanza kuvuta wakiwa tayari wamesumbuka. Lakini uhusiano huo umejitokeza mara nyingi mno kuupuuza. Takribani mtumiaji 1 kati ya 10 hunasa, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama 1 kati ya 6. Kwa Kenya, NACADA ilikuta karibu nusu ya watumiaji wa sasa wana dalili za uraibu.

Isitoshe, bangi anayoikumbuka mzee wa miaka sabini siyo inayouzwa leo. Sampuli zilizokamatwa Marekani zilikuwa na wastani wa asilimia 4 ya THC, kile kiini kinacholevya, mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 zilikuwa zimefika asilimia 12. Huku kwetu bangi kali iitwayo skanka imeingia mitaani kwa jina na kwa bei yake. Halafu kuna bangi ya kula. Marekani ilirekodi watoto wa chini ya miaka sita 207 waliokula bangi kwa bahati mbaya mwaka 2017, na 3,054 mwaka 2021. Mtoto anaona peremende, hajui kilichomo. Barabarani nako kuna tatizo. Dereva mlevi wa pombe ananaswa na kipimo cha pumzi kando ya njia, lakini THC hukaa mwilini siku nyingi baada ya kichwa kutulia, kwa hiyo kipimo kinaweza kumtia hatiani aliyevuta wiki iliyopita.

Upande wa dawa, ukweli ni mwembamba kuliko mahubiri, ila upo. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD, kiini cha bangi kisicholevya, kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto. Vilevile zipo dawa za kupunguza kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani na kukakamaa kwa misuli. Hakuna kati ya hizo inayovutwa kwenye msokoto. Anayemuuzia mgonjwa wa saratani mafuta ya bangi akimwambia aache hospitali anastahili kushtakiwa, iwe bangi ni halali au haramu.

Hapa ndipo fedha inapoingia, na fedha ndiyo iliyozifanya serikali za Afrika zibadili sauti. Lesotho ilitoa vibali vya bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake Februari 2020. Rwanda iliidhinisha kilimo cha kuuza nje Oktoba 2020, huku Mnyarwanda anayevuta akiendelea kukamatwa kama zamani. Uganda nayo ilikwishaanza: kampuni moja yenye ubia na Waisraeli ilikuwa inalima Hima, wilayani Kasese.

Ahadi ilikuwa kubwa, mavuno yakawa haba. Bangi ya dawa inayoingia Ulaya haitoki shambani kwa gunia. Inatoka kwenye banda lenye uzio, kamera, maabara na vyeti vya viwango vya utengenezaji wa dawa. Kibali peke yake hugharimu maelfu ya dola. Mkulima wa Lesotho au Malawi ambaye babu yake alilima bangi akajificha anabaki nje ya uzio uleule unaomtajirisha mwekezaji. Na wawekezaji wenyewe hawakukaa. Canopy Growth ya Kanada, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilinunua kampuni Lesotho mwaka 2018 na kuachana na shughuli zake za Afrika mwaka 2020. Kanada, iliyohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, ililima hata ikashindwa kuuza. Mwaka 2021 peke yake kampuni zake ziliteketeza zaidi ya tani 400 za bangi kavu iliyokosa soko. Nchi inayochoma ziada ya namna hiyo haitakuja kununua ya Kasese kwa bei ya dhahabu. Hesabu ya Wajackoyah haikuwa na wateja.

Morocco imejaribu jambo la busara zaidi. Sheria yake ya mwaka 2021 inaruhusu bangi ya dawa na ya viwandani tu, lakini iliiweka katika mikoa ya Rif ambako wakulima wadogo wameilima kwa vizazi, na ikawataka wauze kupitia vyama vya ushirika. Agosti 2024 mfalme aliwasamehe zaidi ya wakulima 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au wakitafutwa, ili watoke mafichoni waingie kwenye vyama hivyo. Soko la magendo halijafa, ila angalau aliyebeba hatari ndiye aliyealikwa kwanza. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyomfikiria mkulima wa Kisimiri, Tanzania, au wa Kuria, Kenya, kwa namna hiyo.

Limebaki duka, na hapa Afrika Mashariki haihitaji kwenda Colorado, Marekani, kutafuta mfano. Inao wake. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria ya vileo, maarufu kama sheria ya Mututho, ambayo pamoja na mengine ilifuta marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Wazo lilikuwa lilelile tunaloambiwa leo kuhusu bangi: ikihalalishwa itatengenezwa na wenye leseni, itawekwa kwenye chupa za kioo zenye lebo, itapimwa, italipiwa kodi, na muuzaji wa uchochoroni atakosa kazi. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri. Kilichofuata wote wanakijua. Chupa zenye lebo ziligharimu kuliko mnywaji alichonacho mfukoni, na pipa la uchochoroni likaendelea. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli ndani ya siku chache. Februari 2024, Kirinyaga, walikufa wengine zaidi ya 10, na serikali ikakiri kwamba kinywaji hicho kilikuwa kielelezo kilichohifadhiwa kituo cha polisi na kikatoka humo.

Miraa inatoa fundisho la pili. Nchini Kenya, kule Maua na Meru kwa jumla, ni zao rasmi, linalotambuliwa na sheria ya mazao tangu mwaka 2016. Ukivuka mpaka hadi Same, Kilimanjaro, jani hilohilo ni mirungi, na mashamba yake huchomwa. Uganda ilikuwa imelipiga marufuku pamoja na bangi, wakulima wa Wakiso wakaenda mahakamani, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Kwa miezi kadhaa nchi ikabaki na pengo mpaka sheria mpya ilipopitishwa. Jumuiya isiyoweza kukubaliana juu ya jani la kutafuna itakuwa na kazi kubwa kukubaliana juu ya jani la kuvuta, hasa nchi moja ikihalalisha na jirani akabaki na kifungo cha miaka 30.

Thailand imeonyesha gharama ya kufungua duka kabla ya kuandika masharti. Juni 2022 iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa haramu bila kuwa na sheria ya kuisimamia. Maduka yakaota kila kona ya Bangkok kwa maelfu, siasa zikabadilika, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, ikadai cheti cha daktari. Uruguay ilikwenda polepole kuliko yeyote. Sheria ilipita Desemba 2013, famasia hazikuanza kuuza mpaka Julai 2017, mnunuzi anasajiliwa na hapati zaidi ya gramu 40 kwa mwezi, na matangazo hayaruhusiwi. Hata hivyo benki ziliwatishia wenye famasia kufunga akaunti zao kwa kuogopa sheria za Marekani. Lakini Uruguay ni nchi ya watu milioni tatu na nusu yenye daftari la serikali linaloaminika. Ni vigumu kuuona mpango kama huo ukisimamiwa leo Mwanza au Kisumu, ambako hata dawa za malaria zimewahi kughushiwa.

Kwa hiyo mabunge ya Dodoma, Nairobi na Kampala yasisubiri kulimaliza lote ndiyo yaanze. Kumwondolea mtu mzima kifungo kwa kiasi kidogo cha kuvuta faraghani, na kumpa huduma ya afya akihitaji, kunawezekana kwa kurekebisha vifungu vichache, na ushahidi wa Ureno na Afrika Kusini unatosha. Kilimo cha dawa kiruhusiwe tu pale ambapo vibali vinaanza na vyama vya wakulima waliopo, na uuzaji kwa watoto ubaki kosa kubwa bila msamaha. Duka la bangi lisubiri mpaka serikali hizi zionyeshe kwamba zinaweza kupima chupa ya chang'aa kabla haijamfikia mnywaji.